Nani Kamwua Manju?

Wapenzi wa hadithi za upelelezi wanajua kwa nini waandishi wa hadithi hizo hupenda kuwapakia watu melini kabla ya kumwua mmoja wao. Meli ikishang'oa nanga hakuna atokaye wala aingiaye. Mtu akikutwa amekufa chumbani mwake alfajiri, mwuaji wake yumo humo humo: anakunywa chai na wenzake, anatoa pole, pengine hata analia. Na hadithi hunoga zaidi endapo abiria hao ni wasanii, yaani waimbaji, wachezaji na wapiga muziki, watu ambao kazi yao ni kuvaa sura wasizokuwa nazo, na ambao nyuma ya pazia wana wivu wao, madeni yao na mapenzi yao ya siri. Mwingereza Agatha Christie alichapisha mwaka 1937 hadithi yake Death on the Nile. Humo mauaji hutokea ndani ya meli ya mto Nile iitwayo Karnak, na mpelelezi Hercule Poirot huketi na abiria mmoja baada ya mwingine, akiuliza habari za saa, za njia na za vitu vidogo vidogo, hata ukweli ukajitokeza.

Mimi nilizaliwa Bariadi, ambako hakuna bahari wala meli. Mkoa wetu wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, unaligusa Ziwa Viktoria kwa upande wa Busega tu. Kwingineko ni mashamba ya pamba, malisho ya ng'ombe, na mito ambayo wakati wa kiangazi huacha mchanga mtupu. Hata hivyo nathubutu kusema kwamba sisi tuliokulia huko tumekwisha kuishi ndani ya hadithi ya namna hiyo. Meli yetu ni kikundi cha ngoma. Abiria wake ni wachezaji. Na swali linaloulizwa pale mmoja wao anapofariki ghafla ni lile lile: nani kamwua? Tofauti ni moja, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Katika hadithi, swali hilo hujibiwa mwishoni, baada ya ushahidi. Kwetu, mara nyingi, limejibiwa mwanzoni, na jibu lenyewe likamwua mtu wa pili.

UWANJA WA MBINA

Msomaji asiyepata kufika Usukumani hana budi kwanza kuijua ngoma yenyewe. Baada ya mavuno, tangu mwezi Juni hadi Agosti, chakula kikiwa ghalani na pamba ikiwa inauzwa, vijiji hukutana katika mbina, yaani mashindano ya ngoma. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila kimoja na ngoma zake, nyimbo zake na vituko vyake. Hakuna mwamuzi mwenye kalamu. Mwamuzi ni umati: watu huhama kutoka upande huu kwenda upande ule, na kikundi kinachovuta watu wengi zaidi ndicho kilichoshinda.

Wachezaji hawa tangu enzi za mababu wamegawanyika katika jamii mbili kuu, Wagika na Wagalu. Masimulizi ya wazee husema kuwa jamii hizo zilianzishwa katika karne ya 19 na mafundi wawili wa ngoma na dawa, Ngika na Gumha, walioshindana wajue dawa ya nani ina nguvu zaidi. Kwa hiyo tangu mwanzo ngoma na dawa zilikwenda pamoja. Kila kikundi kina manju wake, mtunzi na kiongozi wa nyimbo, ambaye Wasukuma humwita ningi. Na manju huyo hutazamiwa kuwa na dawa ya kuvuta watu, dawa ya kujikinga na husuda, na hata dawa ya kumlegeza mpinzani. Wapo wanaocheza na majembe katika ngoma ya bugobogobo. Wapo Wayeye, wanaocheza na chatu na nyoka wenye sumu. Wapo Wanunguli, ambao asili yao ni wawindaji wa nungunungu. Atakaye kuona vyombo vyao na kusikia historia yao na afike kwenye makumbusho ya Bujora, karibu na Kisesa, mkoani Mwanza.

Sasa tazama, ndugu msomaji, jinsi mashindano haya yanavyoandaa hadithi ya upelelezi bila mtu yeyote kukusudia. Manju husimama mbele ya umati akamkejeli mpinzani wake kwa nyimbo. Hujigamba kuwa dawa yake itamlaza mwenzake kitandani. Mpinzani naye hujibu vivyo hivyo juma lifuatalo. Ndani ya kikundi chenyewe wamo vijana wanaotamani kurithi uongozi, wamo wake wenza, wamo wanaodai sehemu yao ya zawadi. Yote haya ni mchezo, kama vile wapenzi wa Simba na Yanga wanavyorushiana maneno uwanjani, kisha wakapanda basi moja kurudi nyumbani. Lakini manju akianguka uwanjani na kufa usiku ule, majigambo yote ya msimu hugeuka kuwa ushahidi. Kila aliyeimba huonekana kuwa amekwisha kukiri.

MANJU WA KIJIJINI KWETU

Mwaka 2001 nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, na Bariadi bado ilikuwa wilaya ya mkoa wa Shinyanga. Kijijini kwetu palikuwa na manju aliyejulikana hadi Maswa na Meatu kwa sauti yake. Jina lake sitalitaja, kwa heshima ya watoto wake. Mwezi Julai mwaka huo kikundi chake kilicheza siku tatu mfululizo na wapinzani wao wakubwa. Siku ya tatu alasiri, jua likiwa kali, alikatisha wimbo, akashika kichwa, akasema anaona giza. Mara upande mmoja wa mwili ukamlegea. Alibebwa kwa mkokoteni wa ng'ombe hadi nyumbani kwake, na kabla ya jogoo la kwanza alikuwa amefariki.

Alizikwa siku iliyofuata. Hakuna daktari aliyemwona. Baada ya juma moja ndugu zake walikwenda kwa mpiga ramli. Kuku akapasuliwa na matumbo yake yakasomwa. Watu wote walitazamia kuwa litatajwa jina la manju mpinzani, na vijana wa kikundi walikwisha kunoa mapanga. Kinyume cha matazamio yao, mpiga ramli alisema: aliyeua ni mwanamke, mzee, mjane, mwenye macho mekundu, na nyumba yake inatazama mto, karibu na mkwaju.

Nyumba hiyo ilikuwa ya bibi yangu, mzaa baba.

Bibi hakupata kujiunga na ngoma yoyote. Kosa lake lilikuwa kwamba siku ya pili ya mashindano aliwapelekea wachezaji uji, kwa sababu mama wa manju alikuwa shoga yake tangu usichana wao. Uji huo sasa ukaitwa sumu. Macho yake yalikuwa mekundu, hilo ni kweli. Na macho ya wanawake wengi wa rika lake yalikuwa mekundu vile vile. Kwetu kuni ni haba. Mwanamke hupikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, ndani ya jiko lisilo na dirisha, tangu utoto hadi uzee. Miaka hamsini ya moshi haiwezi kuacha jicho jeupe, na wengine huongezewa na ugonjwa wa trakoma. Macho hayo ni alama ya kazi, kama sugu katika kiganja cha mkulima. Mpiga ramli asemaye "mwanamke mzee mwenye macho mekundu" hawezi kukosea, maana hakuna kijiji ambako hatapatikana.

Usiku ule ule baba yangu alikwenda kwa baiskeli, akampakia mama yake, akamkokota hadi barabara kuu kungojea basi la Mwanza. Bibi aliondoka na khanga mbili na kibuyu cha maziwa. Usiku wa pili nyumba yake ilichomwa moto.

Wengine hawakujaliwa kuwa na mwana mwenye baiskeli. Uchunguzi wa Serikali kuhusu miaka ya 1970 hadi 1984 ulionyesha kuwa zaidi ya watu 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na Usukumani ndiko kulikoongoza. Hebu fikiri: zaidi ya watu elfu tatu, na kila mmoja alipatikana na hatia bila mtu kuuliza swali la pili.

VIPI KABLA YA NANI

Nilipokuwa nasomea stashahada ya uandishi wa habari tulifundishwa maswali sita ambayo bila hayo habari haikamiliki: nani, nini, wapi, lini, kwa nini na vipi. Katika habari ya ufunguzi wa shule haidhuru ukianza na lipi. Katika habari ya kifo mfuatano wa maswali ni jambo kubwa. Mpelelezi huanza na vipi. Marehemu amekufa vipi: kwa kisu, kwa sumu, kwa kuanguka, au kwa maradhi? Halafu huuliza lini na wapi. Hatimaye, akiisha kuwaondoa wasiohusika mmoja mmoja, ndipo huuliza nani. Na huenda akagundua kwamba swali hilo la mwisho halina jibu, kwa kuwa hakuna aliyeua.

Mpiga ramli huanza na nani. Swali la vipi halimsumbui, kwa sababu uchawi, kwa kadiri aaminivyo, unaweza kupita njia yoyote: katika uji, katika nyoka, katika radi, hata katika ndoto. Lakini swali la vipi ndilo mlango wa pekee ambao mtu asiye na hatia aweza kutokea. Bibi yangu angejitetea kwa lipi? Angesema kuwa uji ule ulinywewa na wapiga ngoma wote na hakuna aliyeumwa tumbo, angeambiwa kuwa dawa ilimlenga mmoja. Angesema kuwa siku hiyo hakuwako uwanjani, angeambiwa kuwa wachawi hawahitaji kuwako.

Waandishi wetu wenyewe waliliona jambo hili mapema. Mzanzibari Muhammed Said Abdulla, aliyekuwa pia mwandishi wa habari, alitoa mwaka 1960 hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale. Humo maiti hukutwa penye mzimu, mahali ambapo watu wamezoea kupaogopa, na wengi wako tayari kuamini kuwa mambo ya mizimu hayachunguzwi. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, hakubali. Huuliza maswali ambayo mzimu hauwezi kuyajibu, na mwisho wa maswali hayo hupatikana mkono wa mwanadamu. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla naye akatoa Simu ya Kifo, na baada ya hapo vijana wa mijini na vijijini wakawa na upelelezi wao wa kusoma kwa Kiswahili. Wapo wazazi waliokuwa wakiviita vitabu hivyo vya kupotezea wakati. Mimi nadhani vilikuwa vikitufunza jambo zito: kwamba mtuhumiwa ni mtu, na kwamba kumtaja mtu ni kazi yenye masharti.

Hata hivyo tusiwacheke waulizao "nani". Mwaka ule ule wa 1937 ilipotoka hadithi ya meli ya Karnak, mtaalamu wa Kiingereza Evans-Pritchard alichapisha kitabu chake juu ya Wazande, ambao wengi wao huishi Sudan Kusini na Kongo. Alieleza habari za ghala la nafaka linaloanguka juu ya watu waliokaa kivulini mwake. Wazande wanajua vema kuwa nguzo zake zimeliwa na mchwa. Lakini huuliza zaidi: kwa nini lianguke saa ile, juu ya watu wale? Hapo ndipo uchawi huingia. Swali hilo halikutungwa na wajinga. Kila mfiwa huliuliza, awe Bariadi au London. Mayeye akiumwa na nyoka aliyemzoea miaka saba, wenzake wanajua kuwa sumu ndiyo iliyomwua. Wanalolia ni kwamba kwa nini leo, kwa nini yeye. Kulia hivyo ni haki yao. Hatari huanza pale kilio hicho kinapopelekwa kwa mtu ambaye kwa malipo atakipatia jina na nyumba.

DAFTARI NDANI YA SANDUKU

Mwaka uliofuata mjane wa manju alifungua sanduku la bati la marehemu ili njuga na mavazi yake yakabidhiwe mrithi. Chini kabisa, chini ya ngozi na manyoya ya mbuni, alikuta daftari dogo la matibabu. Yeye mwenyewe hakujua kusoma, akalipeleka kwa mwalimu wa shule. Mwalimu akamsomea kwamba katika muda wa miezi kumi na minane mumewe alikwenda zahanati mara tatu, kila mara presha yake ikiwa juu kupita kiasi. Kwamba aliandikiwa vidonge vya kumeza kila siku. Na kwamba mara ya mwisho, majuma matano kabla ya mashindano, alielekezwa hospitali ya wilaya na kuonywa asifanye kazi nzito juani.

Kwa nini alificha? Jibu nadhani lilikuwa ndani ya sanduku hilo hilo, karibu na daftari, katika vifuko vya dawa za ngoma. Manju anayejigamba kuwa dawa yake itawalaza wapinzani hawezi kuonekana amepanga foleni ya vidonge. Habari ikifika uwanjani, umati utahama. Basi alinyamaza, akaimba siku tatu juani, na mshipa ndani ya kichwa ukashindwa. Dalili zile za kuona giza na kulegea upande mmoja ni za kiharusi, nazo mtu wa afya angezitambua kwa kusimuliwa tu.

Mjane alipanda basi peke yake hadi Mwanza. Nilikuwako siku hiyo, maana ilikuwa likizo na nilipelekwa kumwamkia bibi kwa shangazi. Alipiga magoti mlangoni, akasema, "Mayu, nimekuja na daftari." Bibi alimwinua, akampa kigoda na maji ya kunywa. Shangazi akasoma kwa sauti, tarehe baada ya tarehe. Bibi alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, daftari hili lilikuwamo sandukuni siku ile ile. Hakuna aliyelitafuta."

Hakusema neno jingine la lawama, na wakala pamoja. Lakini hakurudi Bariadi. Nyumba ilikuwa majivu, na shamba lake la bondeni, lenye rutuba kuliko mengine ya ukoo, lilikuwa limekwisha kupandwa pamba na ndugu mmoja wa marehemu babu. Alifariki Mwanza mwaka 2013 na huko ndiko alikozikwa.

Najua msomaji wa hadithi za upelelezi sasa anatabasamu na kuniuliza: nani aliyefaidika? Shamba alilitwaa nani? Je, mpiga ramli alijuaje habari za mkwaju na mto? Nami nimeyauliza maswali hayo moyoni kwa miaka mingi. Lakini sitasema kuwa ndugu huyo ndiye aliyemlipa mpiga ramli. Ushahidi sina. Shamba kuwa mkononi mwake laweza kuwa sababu ya kumshuku, wala halitoshi kumhukumu. Nikimtaja kwa kuwa tu namchukia, nitakuwa nimekwisha kupasua kuku wangu mwenyewe.

MJINI NAKO KUNA RAMLI

Mfanyakazi wa mjini asidhani kuwa haya ni mambo ya Bariadi peke yake. Steven Kanumba, mwigizaji aliyezaliwa Shinyanga mwaka 1984 na ambaye filamu zake zilipendwa Afrika Mashariki nzima, alifariki usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012, nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam. Maelfu ya watu walifurika viwanja vya Leaders kumwaga. Na tangu siku zile za matanga palizagaa uvumi mjini, katika mabasi na katika vibanda vya kahawa, kwamba ameuawa na Frimasoni, ati kwa sababu ya utajiri na filamu zake. Waliousema uvumi huo walikuwa watu wenye simu za mkononi na vyeti vya shule. Hiyo nayo ilikuwa ramli, ingawa hakupasuliwa kuku.

Mahakama ilifuata njia nyingine, ndefu na ya kuchosha. Mwigizaji mwenzake Elizabeth Michael, ajulikanaye zaidi kwa jina la Lulu, aliyekuwa naye usiku ule, alishtakiwa kwanza kwa mauaji, kisha shtaka likawa la kuua bila kukusudia. Mashahidi walisikilizwa, habari za jeraha la ubongo zikaelezwa, na mshtakiwa akapewa nafasi ya kusimulia jinsi ugomvi wao ulivyokuwa. Tarehe 13 Novemba 2017, zaidi ya miaka mitano baadaye, Mahakama Kuu ilimtia hatiani na kumhukumu kifungo cha miaka miwili. Wapo walioona kuwa ni kidogo. Wapo walioona kuwa hakustahili hata siku moja. Lakini wote hao waliweza kubishana juu ya mambo yanayoshikika: saa, mlango, ugomvi, anguko, jeraha. Na yule aliyetuhumiwa alipata kusimama akasema. Bibi yangu hakupata nafasi hiyo hata kwa dakika moja.

TUFANYE NINI

Zipo njia, nazo hazihitaji mpelelezi mwenye kiko. Tunayo Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980, inayohusu vifo ambavyo sababu yake haijulikani au inatia shaka. Mtu akifa ghafla, na mtendaji wa kijiji aarifiwe, na polisi, na mganga wa wilaya aombwe kuuchunguza mwili kabla ya mazishi. Najua kuwa mila hutuharakisha kuzika, na kwamba hospitali iko mbali. Lakini siku moja ya kungoja ni nafuu kuliko miaka ya kushukiana.

Wala nisieleweke kuwa naipiga vita tiba ya jadi. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inawatambua waganga na kuwaweka katika utaratibu. Mzee anayejua mizizi ya kutuliza homa ni hazina ya kijiji. Mtu tunayepaswa kumkimbia ni yule wa ramli chonganishi, anayetoa majina. Mwezi Januari 2015, wakati nchi ilipokuwa ikihuzunika kwa mauaji ya ndugu zetu wenye ulemavu wa ngozi, Serikali ilipiga marufuku upigaji ramli. Marufuku hayatoshi ikiwa wateja bado wapo.

Na wateja ni sisi. Hapa nasema hasa na wewe unayesoma ukurasa huu nyumbani kwako mjini, Jumapili, baada ya chakula. Mara ngapi simu imetoka kijijini ikisema, "Ndugu yetu amekwenda ghafla, tunachanga elfu ishirini kila mmoja tujue nani kamwua"? Na mara ngapi tumetuma fedha hiyo upesi, tena bila kuuliza, ili tusionekane kuwa mji umetubadili? Fedha hiyo ndiyo inayomlipa mpiga ramli. Huenda ndiyo inayonunua petroli ya kuchomea nyumba ya mwanamke ambaye hujapata kumwona, ambaye mjukuu wake yuko darasa la nne.

Yapo mengine madogo yaliyo ndani ya uwezo wa kila nyumba. Mpime baba presha anapokuja mjini kukutembelea, na daftari lake lijulikane mahali lilipo. Mwambie kijana wako mcheza ngoma, au mwanamuziki wa bendi, kuwa kupumzika hakumpunguzii sifa. Mjengee mama jiko lenye dirisha na bomba la kutolea moshi. Utamwokoa macho na kifua, na huenda ukamwokoa na ulimi wa watu. Mzee anayeishi peke yake atembelewe mchana, watu waone kuwa ana wenyewe.

Mbina zingali zinachezwa Simiyu kila kiangazi, na Mungu akipenda zitachezwa hata watakapokuwa wazee wajukuu zetu. Manju wataimba, watakejeliana, watajigamba. Waacheni waimbe. Na siku mmoja wao atakapofariki, simu ikakufikia, uliza kwanza amekufa vipi. Wakikujibu kuwa hawajui, waambie kwamba mchango wako utatumwa leo hii, nao ni wa kumlipia daktari.